Nimekuja Kutembea

Kwetu mtu hasafiri hivihivi. Anakwenda msibani, anakwenda kumwona mgonjwa, anafuata mzigo Kariakoo, anapeleka mtoto shule. Ukikutwa stendi ya Songea na begi, swali la kwanza si unakwenda wapi, maana basi lenyewe limeshaandikwa ubavuni. Swali ni unakwenda kufanya nini, na lazima uwe na jibu linaloeleweka. Jibu pekee linalokaribia starehe ni "nakwenda kutembea", na hata hilo lina masharti: unakwenda kutembea kwa mtu. Kwa shangazi Makambako, kwa kaka Mbagala. Kutembea kwetu kunataka mwenyeji, godoro la kutandikiwa sebuleni, na kuku ambaye siku zake zimefika.

Nilipokwenda Thailand kusoma shahada ya uzamili, nilikuta watu wenye swali linalofanana na letu. Mthai akikutana nawe koridoni anaweza kukuuliza "pai nai?", unakwenda wapi? Si umbea. Ni salamu, kama sisi tunavyouliza "za kutwa?" bila kusubiri orodha. Lakini wenzetu wana jibu ambalo sisi hatuna. Wanasema "pai thiao": nakwenda kutembea, kuzurura, kubadilisha hewa. Thiao haihitaji shangazi. Mtu anaweza kwenda thiao soko la jirani au ng'ambo ya bahari, na hakuna atakayemuuliza mara ya pili. Nililipenda neno hilo kabla sijajua kuhesabu hadi 20 kwa Kithai. Juni 2023, muhula ulipokwisha, niliamua kulijaribu.

Nilikuwa na baht 2,000 za kuchezea, ambazo wakati ule zilikuwa kama shilingi 140,000. Posho ya ufadhili ilitosha kula, kulala na kutuma kidogo nyumbani. Hizi 2,000 zilipatikana kwa kula tambi za pakiti wiki tatu mfululizo. Nikapiga hesabu. Visiwa vyenye maji ya bluu vikaondoka kwanza. Chiang Mai ikaondoka kwa sababu ya nauli. Ikabaki Chanthaburi, mji wa mkoa ulioko kama kilomita 245 kusini-mashariki mwa Bangkok, saa nne hivi kwa basi kutoka stendi ya Ekkamai, nauli chini ya baht 250. Gesti yenye feni, baht 250 kwa usiku. Sahani ya wali, baht 40 hadi 60. Kulala mara mbili, Ijumaa hadi Jumapili. Hesabu ilikubali, na chenji ya matunda ikabaki.

Hiyo ilikuwa nusu ya sababu. Nusu nyingine ni baba.

Baba yangu alichimba safaya Tunduru. Vitabuni wanaita yakuti, lakini machimboni hutasikia mtu akisema yakuti. Mawe yalipopatikana kule katikati ya miaka ya 1990, watu walitoka Songea, Masasi, Lindi, hata Mererani, wakajaa kingo za mto Muhuwesi na sururu, koleo na chekeche. Baba alikuwa na miaka 24. Alikaa miaka miwili, akaugua malaria mara sita na akapata jiwe moja la maana. Lilikuwa na bluu iliyofifia, anasema, kama maji ya kufulia yaliyotiwa buluu kidogo. Jiwe likapita kwa dalali, likafika kwa mnunuzi Mthai kwenye nyumba ya kupanga iliyokuwa na jenereta. Baba aliruhusiwa kusimama mlangoni. Alimwona Mthai akilishika kwa kibano, akalipiga tochi, akalitazama muda mrefu, kisha akatikisa kichwa. Dalali akarudi mlangoni na laki mbili na nusu.

Laki mbili na nusu hizo ndizo bati za nyumba niliyozaliwa, pamoja na baiskeli moja. Baba hasemi kwamba zilikuwa kidogo. Masika bati likivuja, anahamisha ndoo na kusema tu: "Mthai alitikisa kichwa." Nimekua na sentensi hiyo kama wengine walivyokua na methali. Na Wathai wa Tunduru, aliniambia, walikuwa wanatoka mji unaoitwa Chantabuli.

Ndani ya basi tulikuwa na vijana wanne wa Kizungu wenye mabegi ya mgongoni makubwa kama magunia ya mpunga. Watatu walikuwa wanaendelea hadi Trat, wakapande boti kwenda kisiwa cha Koh Chang; ndivyo wasafiri wengi wa aina yao wanavyofanya, na Chanthaburi wanaiona kupitia dirishani. Wa nne, msichana Mjerumani wa rika langu, alishuka na mimi. Tukapanda songthaew, pikapu yenye mabenchi mawili yanayotazamana nyuma, ile ambayo wazazi wetu Dar es Salaam waliiita chai maharage, na tukaishia gesti moja kwa sababu wote wawili tulikuwa tumeitafuta ileile kwa kigezo kilekile: ya bei ya chini kuliko zote.

Mwenye gesti alikuwa mama wa makamo. Nikamwita Pa, yaani dada mkubwa wa baba au wa mama, maana Wathai nao, kama sisi, hawamwiti mtu mzima kwa jina tupu. Pa alimwandikisha Mjerumani, akampa ramani ya mji na kumwonyesha kwa kalamu mahali pa kupiga picha. Kisha akanigeukia mimi. Akatazama ngozi yangu, akatazama kibegi changu, akauliza: "Phloi?" Mawe? Nikasema hapana. Akauliza nitakaa mwezi mmoja au miwili, kwa kuwa anayelipa kwa mwezi hupunguziwa. Nikasema siku mbili tu. "Ma thiao," nikaongeza. Nimekuja kutembea. Pa akacheka kwa upole, kama mtu aliyeambiwa uongo usiomdhuru mtu, akanipa ufunguo. Ramani hakunipa.

Asubuhi ya Jumamosi nikaelewa kicheko chake. Barabara ya Si Chan na vichochoro vyake, kila mwisho wa wiki, hugeuka soko la vito. Wanunuzi hukodi meza, wakakaa nyuma yake na taa, mizani, kibano na lenzi. Mbele huweka karatasi iliyoandikwa wanachotaka siku hiyo: rubi ya Msumbiji, karati moja moja, safaya ya njano, spineli. Madalali huzunguka meza hadi meza na mawe ndani ya vikaratasi vilivyokunjwa. Dalali anamimina, mnunuzi anatazama, anataja bei. Bei ikikaribia kueleweka, kikaratasi kinafungwa kwa utepe wa gundi na bei inaandikwa juu, dalali anakwenda kumuuliza mwenye mali. Hakuna kelele. Ni soko linalonong'ona.

Na katikati ya minong'ono hiyo kuna Waafrika. Wengi ni wa Afrika Magharibi, Wagine na Wamali, wanaoleta mawe kutoka Msumbiji, Madagaska, Tanzania na kwingineko. Wamekuwapo mjini miaka mingi; wana vyumba vyao, migahawa yao, utani wao. Kwa hiyo mtu mweusi Chanthaburi ana kazi inayojulikana hata kabla hajafungua mdomo. Ndani ya saa moja niliulizwa mara 14 kama nauza au nanunua. Nilihesabu. "Madagascar? Mozambique?" Mtu ananyoosha kiganja ili nimwage nilichonacho, nami nina chupa ya maji na mkate wa kutoka 7-Eleven. Mjerumani wangu alikuwa hatua tano mbele, amevaa kandambili na bukta, na kila aliyekutana naye alimwonyesha pete na kumwuliza kama ameipenda Thailand.

Wanaosifu kusafiri kwa hela ndogo husifu hasa jambo moja: unaacha jina lako nyumbani, unakuwa si mtu yeyote, unapita mjini kama upepo. Mjerumani alinieleza hivyo jioni ya kwanza, na kwake ilikuwa kweli. Alikuwa amezunguka miezi saba. Alipanga kwenda Kambodia wiki inayofuata, kwa kuwa mkoa wa Chanthaburi unapakana nayo, kisha arudi akijisikia. Akanialika. Nikamweleza kwamba nikivuka mpaka bila kibali cha kurudi, ambacho ada yake ni baht 1,000, viza yangu ya masomo inafia palepale. Nikamweleza kuhusu kadi ya njano ya homa ya manjano, ambayo sisi tunaotoka Tanzania lazima tuionyeshe ili kuingia Thailand. Alisikiliza kwa adabu, macho yakiwa makubwa, kama mtu anayesimuliwa utaratibu wa zamani wa kuvuka jangwa. Hakuwa na kosa lolote. Ila niliona kwamba unafuu wa safari ya bei nafuu huanza kuhesabiwa baada ya mlango, na milango yetu haikuwa na bei moja. Hapa tena, hata baada ya mlango, mawe ya kwetu yalikuwa yamefika mjini miaka mingi kabla yangu na yakanichagulia kazi.

Mzee mmoja hakuniuliza kama nauza. Alikuwa na meza ya kona, shati jeupe, miwani imepandishwa kipajini, umri wa miaka 70 hivi. Aliniona nikipita mara ya tatu, akauliza kwa Kiingereza natoka wapi. Nikasema Tanzania. Akasimama, akashika kifua, akasema kwa sauti ya soko zima:

"Shikamoo!"

Nikakosa pa kuweka uso. Mzee kama babu yangu ananipa shikamoo, watu wanatazama. Marahaba haikutoka, mdomo wangu uliikataa. Nikainama, nikampa yeye shikamoo yake, akaipokea kwa furaha: "Marahaba, marahaba! Tunduru?" Nikasema Songea. "Songea!" Akavuta kiti.

Nilimwita Lung, kaka mkubwa wa mzazi, kama kila mtu alivyomwita. Alikaa Tunduru 1996 na 1997. Kiswahili chake kilikuwa cha mezani tupu: bovu, ina ufa, punguza, ongeza kidogo, bei ya mwisho, kesho. Namba alikuwa amezisahau, lakini "punguza" alilitamka vizuri kuliko wanafunzi wengi wa Kiswahili ninaowafahamu. Maneno ambayo mtu anabaki nayo baada ya miaka 25 yanakueleza alikuwa anafanya nini na watu waliomfundisha. Nilihesabu miaka kichwani. Sikumuuliza kama anamkumbuka kijana mmoja aliyesimama mlangoni. Tunduru ya wakati ule ilikuwa na maelfu ya vijana milangoni.

Lung alinionyesha vikaratasi viwili. Cha kwanza kilikuwa na mawe yenye ukungu, bluu iliyokufa, kama maji ya kufulia. Nilijua nilikuwa nimeshayasikia mawe hayo yakisimuliwa. Cha pili kilikuwa na mawe ya asili ileile baada ya kupita tanurini, zaidi ya nyuzi joto 1,600, kwa saa nyingi. Sindano ndogondogo za madini zilizomo ndani ya jiwe huyeyuka, ukungu ukaondoka, bluu ikakolea. Hayo ndiyo yaliyofaulu. Lung akageuza kiganja kuonyesha mengine: yanapasuka, au yanatoka yakiwa mabaya kuliko yalivyoingia. "Mimi sinunui jiwe," alisema kwa Kiingereza chake cha polepole. "Nanunua ninachokikisia ndani ya jiwe."

Songea aliijua kwa sababu yake mwenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, wachomaji wa Thailand walipasha moto safaya za Songea na za Madagaska pamoja na beriliamu, na mawe yasiyotamaniwa na mtu yakatoka na rangi ya chungwa na waridi, rangi ambayo wakusanyaji wa vito huilipia fedha nyingi. Maabara za vito zilichukua muda kutambua kilichofanyika, na ilipojulikana soko lilitikisika. Nimesoma Songea tangu chekechea hadi kidato cha sita. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba jina la mji wetu limo kwenye ripoti za maabara za ng'ambo. Nililisikia kwa mzee wa Kithai, kwenye kiti cha plastiki.

Chanthaburi nao walikuwa na mawe yao. Vilima vya karibu na mji, pamoja na machimbo ya mkoa jirani wa Trat, vilitoa safaya na rubi hadi vikakaribia kukauka katika miongo ya mwisho ya karne iliyopita. Mji haukufa. Watu walikuwa wamebaki na macho, mikono na matanuru, wakaanza kuyafuata mawe yalipo: Kambodia, Sri Lanka, kisha kwetu, Madagaska na Msumbiji. Nyumbani tunazisimulia habari za Wathai kama hadithi ya wizi. Pale mezani niliona kitu kigumu zaidi kusimulia: mji usio na mawe unaoishi kwa mawe, kwa sababu unajua kuyageuza. Hilo halifuti lile jingine. Mchimbaji huuza jioni ileile kwa sababu watoto hula jioni ileile, na anayeweza kusubiri tanuru lipoe ni yule aliyeshiba. Vyote viwili ni kweli, na havikunjwi katika kikaratasi kimoja.

Jioni nilitembea kando ya mto, mtaa wa zamani wa Chanthaboon, wenye nyumba za mbao za Wachina na Wavietnamu zilizoegemeana kama wazee kwenye picha. Ulikuwa msimu wa matunda. Doriani zimelundikwa barabarani kama mawe ya kujengea, na shokishoki zinauzwa kwa kilo. Mtu wa Unguja angelia kwa furaha. Nikanunua mangostini. Nikapita kwenye sanamu ya mfalme Taksin, ambaye mwaka 1767, baada ya Ayutthaya kuangukia mikononi mwa Waburma, aliuteka mji huu. Inasimuliwa kwamba aliwaamuru askari wake wale, kisha wavunje vyungu vyote: kesho tutakula ndani ya mji, au hatutakula kabisa. Nikahesabu hela yangu nikiwa chini ya farasi wake. Zilibaki baht 610, na nauli ya kurudi ikiwa humohumo. Nikamwelewa.

Chakula cha usiku nilikula kwa mama mmoja wa Kigine aliyekuwa na meza tatu karibu na soko: wali na mchuzi wa karanga, baht 60. Tulizungumza kwa Kiingereza changu na Kifaransa chake, kila mmoja akiruka kamba ya mwenzake. Alikuwa na miaka tisa mjini. Nilipomwambia sina mawe, nimekuja kutembea tu, hakucheka kama Pa. Aliniongezea wali. "Mimi hapa sijawahi kutembea," alisema. "Nimefika tu, basi."

Jumapili asubuhi nilikwenda misa. Kanisa kuu la Chanthaburi, jengo la mwaka 1909 lenye minara miwili, ndilo kanisa Katoliki kubwa kuliko yote Thailand, na waumini wake wengi ni vizazi vya Wavietnamu waliokimbia mateso ya dini kwao. Sikuelewa neno hata moja, ila nilijua kila mahali pa kusimama na kupiga magoti, na hakuna aliyeniuliza nauza nini. Baada ya misa nilisimama mbele ya sanamu ya Bikira Maria iliyopambwa kwa maelfu ya safaya. Watalii walikuwa wanapiga picha. Mimi nilikuwa naangalia bluu.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Jembe langu lilikuwa simu ya Lung. Nilipita kumuaga saa nne, nikamkuta amekunja uso, simu iko mezani, sauti inatoka. Mshirika wake Tunduru, dalali wa siku zote, alikuwa na kijana mwenye jiwe. Kwa kawaida dalali ndiye anayetafsiri. Safari hii kijana amekataa. Amesema hauzi mpaka azungumze na Mthai mwenyewe, na Kiswahili cha Lung cha punguza na bovu hakikuweza kumfuata. Lung akanisogezea simu kwa mikono miwili.

"Haloo," nikasema. "Habari za huko?"

Kimya. Kisha: "We nani?"

"Mimi mwanafunzi, napita tu. Mzee ameniomba nitafsiri."

"Dada, we Mtanzania? Upo hukohuko kwao?"

"Nipo. Natoka Songea."

"Aah, dada yangu!" Sauti ilikuwa ya mtu wa miaka 20, upepo unapiga nyuma yake. "Basi Mungu yupo. Hebu niambie, dada, jiwe hili huko lina bei gani? Niambie wewe, usimwambie yeye. Yeye si hajui tunachosema?"

Watu watatu walikuwa wananitazama: Lung, binti yake, na dalali mmoja wa Kimali aliyekuwa anasubiri zamu. Hakuna aliyejua nilichoulizwa. Sijawahi kuwa na uwezo mkubwa namna ile kwa jambo ninalolijua kidogo namna ile. Ningeweza kumwambia kijana namba yoyote, na namba hiyo ingekuwa bati la mtu au hasara ya mtu. Nikafanya kitu kimoja ambacho nilikuwa na hakika nacho: nilitafsiri. Nikamgeukia Lung na kumwambia, neno kwa neno, kwamba kijana anauliza jiwe hili huku lina bei gani, na ameomba nimwambie kwa siri.

Binti akacheka. Lung hakucheka. Alifikiri, akasema: "Mwambie likiwa bichi sijui. Likichomwa vizuri, mara nne ya ninachompa, labda tano. Likipasuka, sufuri, na hasara ni yangu. Mwambie natoa dola 800."

Nikamwambia hivyo hivyo. Mara nne, mara tano, sufuri. Dola 800 ni kama milioni moja na laki tisa.

Kimya kilikuwa kirefu kiasi kwamba nilidhani simu imekatika.

"Ngapi?"

Nikarudia.

"Mimi nimeambiwa laki tisa."

Milioni ilikuwa imedondoka njiani. Nikasikia sauti nyingine, ya mtu mzima, ikisogea karibu na simu ile: dada, wewe huelewi, kuna leseni, kuna ushuru wa sokoni, kuna mafuta ya pikipiki, kuna watu wa kuwaona. Huenda yote yalikuwa kweli. Nikayatafsiri nayo. Lung akavua miwani, akaiweka mezani polepole, akasema neno moja la Kithai ambalo binti yake hakutaka kunifafanulia.

Kijana akarudi hewani. Hakuwa amekasirika, jambo ambalo lilinishangaza. "Sawa, dada. Mwambie mzee asante. Mwambie leo siuzi. Nakwenda kufikiri." Kisha akasema: "Hivi wewe huko unafanya nini hasa?"

"Nimekuja kutembea."

Akacheka mpaka akakohoa. Simu ikakatika. Sijui kama aliuza, wala kwa nani, wala kwa ngapi.

Lung alitoa noti ya baht 500. Mfukoni nilikuwa na 290, na nauli ya basi ilikuwa inazimeza karibu zote. Niliitazama noti kwa heshima inayostahili. Lakini nilimwona yule dalali wa Kimali anavyonitazama, si kwa ubaya, bali kama anayempa mtu nafasi kwenye benchi, na nikajua kwamba nikiipokea nitakuwa nimejibu swali la mji mzima. Nikakunja mikono kifuani kama wanavyofanya wao. "Ma thiao, Lung." Akaangua kicheko, akairudisha noti, akaingia nyuma ya meza na kutoka na mfuko wa mangostini wa kilo tatu. Huo niliupokea. Mgeni hakatai tunda.

Baba nilimpigia Jumatatu usiku. Nilimsimulia yote: matanuru, mawe yanayopasuka, Bikira Maria wa safaya, mzee aliyenipa shikamoo, laki tisa na ile milioni. Aliposikia habari za dalali hakusema kitu kwa muda. Nilisikia redio yake, kisha nikasikia akiizima.

"Mimi sikuzungumza na yule Mthai," alisema hatimaye. "Hata siku moja. Nilisimama mlangoni."

"Ndiyo, baba."

"Alitikisa kichwa. Miaka yote nimesema alitikisa kichwa kukataa bei yangu." Akavuta pumzi. "Lakini bei yangu sikumtajia mimi. Sasa alikuwa anakataa nini?"

Nikamwambia sijui.

"Na mimi sijui," akasema. Kisha, baada ya kimya kingine, kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya kitu dukani bila kutaka mwenye duka ajue kama anakitaka: "Gesti ya huko ulisema shilingi ngapi?"

"Kama elfu kumi na saba na mia tano. Ina feni."

"Si ghali," akasema baba.